MKAGUZI WA NYUMBA ASIWE MTU WA DALALI

Hakuna ununuzi mkubwa anaoufanya mwalimu au mtumishi wa umma katika maisha yake kuliko ununuzi wa nyumba. Fedha anazozitoa siku hiyo ni jasho la miaka ishirini au thelathini, na mara nyingi huwa pamoja na mkopo ambao mshahara wake utaendelea kukatwa hata baada ya rangi ya nyumba hiyo kubambuka. Hata hivyo, jambo la kusikitisha ni kwamba ununuzi huo mkubwa ndio unaofanywa kwa uangalifu mdogo kuliko wote.

Mtazame mtu huyo huyo akiwa sokoni Lindi au Kilwa Masoko. Hamnunui changu mpaka amefunua matamvua kuona kama bado ni mekundu, amebonyeza nyama ya mgongoni kuona kama inarudi, na amemnusa. Hayo yote ni kwa ajili ya kitoweo cha jioni moja. Lakini akipelekwa kwenye nyumba ya shilingi milioni arobaini, huzunguka vyumbani kwa robo saa, hufungua na kufunga milango miwili, husifu rangi, kisha huuliza bei ya mwisho.

Makala hii inataka kusema jambo moja tu. Nyumba haina budi kukaguliwa kabla ya kununuliwa, na anayeikagua hana budi awe mtu wa mnunuzi: aliyechaguliwa na mnunuzi, anayelipwa na mnunuzi, na asiyepata wala kupoteza hata senti moja nyumba hiyo ikiuzwa au isipouzwa. Ukaguzi wa namna nyingine yoyote ni mchezo wa kuigiza, na anayelipa kiingilio ni mnunuzi.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika pwani ya Kilwa na Lindi. Tangu Likong'o, katika Manispaa ya Lindi, ilipotajwa kuwa mahali pa kujenga kiwanda cha kuchakata gesi asilia, na tangu jiwe la msingi la bandari ya uvuvi lilipowekwa Kilwa Masoko mwezi Septemba 2023, matumaini ya watu yamepanda; na palipo na matumaini dalali hakosi. Wakati huo huo, mstaafu anayetafuta nyumba ya kuishi hana fedha za kuchezea. Mwaka 2022, baada ya mjadala mrefu wa kikokotoo, mkupuo wa mafao uliwekwa kuwa asilimia 33. Watumishi waliohesabu kila senti katika mjadala ule wanawezaje kuzimwaga senti hizo hizo kwa nyumba ambayo hawakumtuma mtu kupanda darini kuitazama?

HATI HAIVUJI

Tuwatendee haki wanunuzi wetu. Katika upande mmoja wamejifunza. Watu wengi siku hizi wanajua kwamba kuna Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Wanajua kwamba yafaa kwenda kwa Msajili wa Hati kuuliza kama nyumba imewekwa rehani, kumwuliza mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji kama kiwanja kina ugomvi, na kuhakikisha kwamba mume hauzi nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, jambo ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalikataza. Huu ni mwamko mzuri, na umewaokoa wengi.

Lakini mwamko huo umesimama nusu ya njia. Mtu akishaiona hati na mihuri yake hudhani kwamba ameiona nyumba. La hasha! Hati inakwambia kiwanja ni cha nani. Haikwambii msingi umechimbwa kina gani. Hati haivuji mvua ikinyesha, haiingii mchwa, wala nondo zake hazipati kutu. Mtu anaweza kuwa na haki zote za kisheria juu ya nyumba itakayomwangukia.

Zaidi ya hayo, sheria yenyewe haimbembelezi mnunuzi mzembe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humpa aliyedanganywa haki ya kuukataa mkataba. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba ikiwa muuzaji alinyamaza juu ya ubovu, na mnunuzi alikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, basi mkataba hautanguki. Maana yake ni dhahiri. Ufa ambao ungeonekana kama mtu angesogeza kabati ni ufa wa mnunuzi, si wa muuzaji. Anayedhani kwamba mahakama itamrudishia fedha alizozitoa akiwa amefumba macho anajidanganya.

FUNDI HUYU ANAKULA WAPI?

Sasa tuitazame desturi iliyoota mizizi. Mnunuzi akitamka kwamba angependa nyumba itazamwe na mtu anayejua ujenzi, dalali humjibu kwa tabasamu: "Usihangaike, Mwalimu, fundi ninaye. Na nyumba hii, lau ningekuwa na fedha, ningeinunua mwenyewe." Fundi huja. Hugonga ukuta kwa ngumi mara mbili, hutazama juu, hutikisa kichwa kwa kuridhika, na kutamka kwamba nyumba ni imara, yaliyobaki ni marekebisho madogo madogo. Mwalimu hushukuru, humpa fundi fedha ya soda, na jioni hiyo hutoa malipo ya awali.

Hebu tujiulize: fundi huyu anakula wapi? Dalali hulipwa nyumba ikiuzwa; isipouzwa hapati kitu. Fundi aliyeletwa na dalali ataitwa tena kesho ikiwa leo amesema maneno ya kuuza. Akisema ukweli leo, kesho ataitwa mwingine. Hatuna haja ya kumwita mtu huyo mwizi. Pengine ni mtu mwema kwa majirani zake na mkweli katika mambo yake yote mengine. Lakini amewekwa mahali ambapo ukweli unawanyima watoto wake chakula. Si busara kumtegea mtu mtego wa namna hiyo kisha kutumaini kwamba hatanasa. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kufundishwa kanuni hii, kwa sababu wanaishi nayo kazini kila siku. Hesabu za halmashauri hazikaguliwi na mweka hazina wake. Hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mitihani ya taifa haisahihishwi na mwalimu aliyewafundisha watahiniwa darasani mwao. Tangu mwaka 1973 tuna Baraza la Mitihani kwa kazi hiyo. Hakuna anayesema kwamba utaratibu huo ni kuwatukana waweka hazina au walimu. Tunajua kwamba mtu hawezi kuwa mchezaji na mwamuzi kwa wakati mmoja. Mbona basi kanuni tunayoilinda ofisini kwa ajili ya fedha za umma tunaitupa mlangoni inapofika zamu ya fedha zetu wenyewe?

Na fundi wa dalali si peke yake. Yupo mthamini aliyetumwa na benki. Huyu ni mtaalamu wa kweli, na tangu mwaka 2016 taaluma yake ina sheria yake na bodi yake ya usajili. Lakini kazi aliyopewa ni kuiambia benki kwamba nyumba ikiuzwa itarudisha mkopo kiasi gani. Anapima bei, hapimi afya ya nyumba. Mkopaji anayesema, "Benki imeikubali, basi nyumba ni nzima," amelichukua jibu la swali la mtu mwingine.

Yupo pia fundi anayekagua huku akitafuta kazi ya ukarabati. Huyu hatakuficha ubovu, atakuongezea. Kila ufa kwake ni msingi uliozama, na kila doa la maji ni paa zima la kubomolewa, madhali yeye ndiye atakayelibomoa na kulijenga upya. Dawa yake ni sharti moja tu: anayekagua hatapewa kazi ya kutengeneza. Akilijua sharti hilo tangu mwanzo, ulimi wake utanyooka.

Na yupo mhandisi ambaye ofisi yake ndiyo iliyotoa kibali cha ujenzi wa nyumba hiyo hiyo. Hata awe hodari namna gani, huyo ataombwa kuitia kasoro kazi iliyopita mezani kwake. Tusimwombe.

PWANI INA MARADHI YAKE

Wapo wanaouliza: huyo mkaguzi ataona nini ambacho mtu mzima mwenye macho mawili hawezi kukiona? Katika pwani yetu jibu ni refu.

Adui wa kwanza ni chumvi. Mjenzi asiyetaka gharama huchota mchanga wa ufukweni, karibu na nyumba na bila malipo. Mchanga huo una chumvi, na chumvi ikiingia katika zege huishambulia nondo iliyomo ndani. Nondo ikipata kutu hunenepa, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, nayo hulipasua zege kutoka ndani. Kwa miaka ya mwanzo hakuna kinachoonekana. Baadaye hutokea ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo chini ya linta au kwenye nguzo ya baraza. Muuzaji huupaka lipu na rangi. Mgeni huona nguzo mpya. Mkaguzi hugonga kwa nyundo ndogo, husikia mlio wa uwazi, na kujua kwamba mfupa umeoza.

Adui wa pili ni tofali zilizonyimwa saruji. Ukuta wa tofali hizo ukivikwa lipu nzuri hauna tofauti na ukuta wa haki. Mkaguzi hutafuta mahali ambapo lipu haikufika, nyuma ya choo au juu ya dari, na hukwaruza kwa msumari. Tofali ikimeguka kama kashata, habari imekwisha. Huko huko darini ataona mengine ambayo mnunuzi hakuyaona: kenchi zilizoliwa na mchwa, mbao zisizotiwa dawa, na bati jembamba lililopigiliwa mahali pa bati nene. Katika mabati, namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Kwa mtu atakayeishi katika upepo wa bahari, tofauti hiyo ni tofauti ya miaka.

Kisha zipo nyumba za kale za mawe na chokaa, kama zile za Kilwa Kivinje. Hizi zina sheria zao. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Mtu asiyejua huutazama ukuta unaotoa vumbi, huagiza saruji, na kuuvika koti gumu. Koti hilo huufungia unyevu na chumvi ndani, lipu hubanduka mapande mapande, na ukuta uliosimama zaidi ya miaka mia huanza kuoza katika uhai wa mnunuzi mmoja. Mafundi waliokarabati magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara walirudi kwenye chokaa kwa sababu hiyo. Magofu hayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Kwa hiyo mhandisi anayejua zege peke yake hafai kukagua nyumba ya Kivinje bila kuwa na fundi wa chokaa kando yake. Na mkaguzi mzuri atamkumbusha mnunuzi jambo jingine: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Anayenunua jengo la namna hiyo akidhani atalivunja na kuweka maduka amenunua kesi.

Hatimaye kuna maji. Mwezi Januari 2020 mafuriko yaliukumba Mkoa wa Lindi, yakaua watu na kubomoa nyumba katika Wilaya ya Kilwa na kwingineko. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu, mvua iliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Wazee wa Lindi wana habari za kimbunga cha Aprili 1952. Maji yana njia zake, na hayaulizi kiwanja kimepimwa au hakikupimwa. Nyumba inayouzwa wakati wa kiangazi katika bonde kavu inaweza kuwa kisiwa wakati wa masika. Mkaguzi wa kweli hutazama alama ya tope kwenye ukuta wa jirani, huuliza wenyeji maji yalifika wapi, na hutazama kama karo la choo limechimbwa juu ya kisima. Na nyumba ikiwa ufukweni, hutoa futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Dalali atakuuzia sauti ya mawimbi. Hatakupimia umbali wake.

VISINGIZIO VITATU

Wanaotetea desturi ya kununua kwa macho wana hoja zao, nasi hatuna budi kuzijibu moja moja.

Wanasema kwanza kwamba ukaguzi ni gharama. Tuseme nyumba inauzwa shilingi milioni 40, na mkaguzi anadai shilingi laki nne. Hiyo ni asilimia moja. Mnunuzi huyo huyo hulalamikia laki nne za ukaguzi lakini hutoa kamisheni ya dalali bila kunung'unika. Yaani yuko tayari kumlipa mtu kwa kumwonyesha mlango, hayuko tayari kumlipa mtu kwa kumwonyesha ufa. Na ripoti ya ukaguzi haiishii kwenye kumwokoa tu. Mara nyingi inajilipa yenyewe, kwa kuwa mwenye orodha ya kasoro mkononi huzungumza bei kwa namna nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayenunua ufa bila kujua atajenga ukuta kwa fedha za mkopo.

Wanasema pili kwamba Kilwa haina wahandisi wa kuchezea, wote wako mijini. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini ni hoja ya mtu mmoja mmoja. Walimu wanne wanaotafuta nyumba katika Masoko na Kivinje wanaweza kumwita mhandisi mmoja kutoka Lindi au Mtwara, akazikagua nyumba zao kwa siku mbili, na nauli wakaichangia. Aidha, Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili pia mafundi sanifu, na nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu haihitaji profesa. Inahitaji mtu mwenye ujuzi uliothibitishwa, ngazi, tochi na uhuru wa kusema.

Wanasema tatu, na hii ndiyo hoja inayowashinda wengi, kwamba kumpeleka mkaguzi katika nyumba ya mzee wa watu ni kumvunjia heshima. Katika pwani yetu jambo hili si dogo. Mtu amekukaribisha barazani, amekupa kahawa, kisha wewe unamleta mtu na nyundo! Lakini heshima ya kweli haiogopi nyundo. Hata mafundisho ya biashara ambayo watoto wa pwani huyapata vyuoni humtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa yake, na humpa mnunuzi haki ya kuirudisha bidhaa iliyofichwa aibu. Muuzaji mwaminifu atamkaribisha mkaguzi, kwa sababu ripoti nzuri itampandishia bei. Anayekasirika kabla nyumba haijaguswa amekwisha kutoa ripoti yake mwenyewe.

JINSI YA KUMCHAGUA

Basi mnunuzi afanyeje? Kwanza, amtafute mkaguzi yeye mwenyewe, nje ya mduara wa dalali na muuzaji, kabla hajatoa malipo ya awali. Fedha ikishatoka, mtu husikiliza ripoti kwa masikio ya kutaka kufarijika.

Pili, aulize namba ya usajili na kuihakikisha katika bodi inayohusika, iwe ya wahandisi, iwe ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Kadi ya jina yenye rangi nzuri si usajili. Na usajili peke yake hautoshi: aombe kuona ripoti ya nyumba nyingine aliyoikagua mtu huyo, majina yakiwa yamefichwa. Ripoti yenye maneno "nyumba ni nzuri kwa ujumla" haina thamani ya karatasi iliyoandikiwa. Ripoti ya haki inataja chumba, inataja ukuta, inaonyesha picha, na kusema kipi ni cha hatari, kipi ni cha kutengenezwa mwaka huu, na kipi ni uchakavu wa kawaida.

Tatu, ada ikubaliwe mapema, tena iwe fedha kamili. Isiwe asilimia ya bei ya nyumba, wala isingoje nyumba inunuliwe. Mkaguzi anayelipwa baada ya mauzo amekwisha kugeuka dalali wa pili.

Nne, mkataba uwe wa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja: atakagua nini, hatakagua nini, atatoa ripoti lini, na kwamba hatapokea kazi yoyote ya ukarabati katika nyumba hiyo. Mtu anayekataa kuandika anajiandalia njia ya kukana.

Tano, mnunuzi afuatane naye. Mkaguzi anayetaka kwenda peke yake, asiyepanda darini kwa sababu ya joto, asiyeomba michoro iliyoidhinishwa wala kufungua swichi kuu ya umeme, ashukuriwe na kuachwa aende zake. Saa tatu za kufuatana na mtu anayejua kazi yake zitamfundisha mnunuzi mambo ambayo atayatumia katika nyumba hiyo kwa miaka yote atakayoishi humo.

WENYE DHAMANA WASIKAE KIMYA

Hata hivyo, itakuwa ni kuwaonea wanunuzi kama tutaishia kuwanyooshea kidole wao peke yao. Mlanguzi hustawi mahali ambapo wenye dhamana wamelala.

Nchi hii haikuanza leo kuhangaikia nyumba bora. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 taifa liliunda kitengo cha utafiti wa majenzi, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa wakala wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi. Sheria za mwaka 1997 zilileta bodi ya wahandisi na bodi ya makandarasi. Elimu ipo, na sheria zipo. Lakini ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30, na jengo la Kariakoo likaanguka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua wengine wengi. Ikiwa majengo marefu katikati ya jiji, mbele ya macho ya kila mamlaka, yaliweza kuanguka, ni nani aliyeitazama nyumba ya vyumba vitatu inayobadilishwa mikono kimya kimya huko Nangurukuru au Mchinga?

Tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Vyama vya akiba na mikopo vya walimu na watumishi viweke sharti kwamba mkopo wa kununua nyumba hautolewi bila ripoti ya mkaguzi wa mnunuzi, na ada ya ukaguzi iingizwe ndani ya mkopo huo. Chama kinachomkopesha mwanachama fedha za kununulia gofu kinajiharibia chenyewe, kwa maana mwanachama mwenye nyumba inayobomoka ndiye mwanachama anayeshindwa kulipa. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo matawi yake yamo katika kila wilaya, viweke orodha ya wakaguzi waliosajiliwa, na kila mwanachama aliyehudumiwa aandike alivyohudumiwa. Mkaguzi atakayeshindwa kuona paa bovu mara mbili atajifuta katika orodha kwa kazi yake mwenyewe. Nazo halmashauri zibandike katika mbao za matangazo ya kata ramani za mahali maji yalipopita mwaka 2020 na mwaka 2024, ili asiwepo tena dalali wa kuuza mkondo wa mto kwa jina la kiwanja tambarare.

Kuhusu madalali, hatusemi wafukuzwe. Kumkutanisha anayeuza na anayenunua ni kazi, na kazi hulipwa. Tunachosema ni kwamba kazi ya dalali iishie hapo. Siku dalali anapoleta fundi wake kukagua nyumba anayoiuza, mnunuzi ajue kwamba ameletewa mbuzi ndani ya gunia, tena na mtu wa kuapa kwamba amemsikia akilia.

Usione vyaelea, vimeundwa. Ndivyo wasemavyo watu wa pwani hii wanaojua kazi ya jahazi. Hakuna nahodha wa Kilwa anayenunua jahazi kwa kutazama tanga. Huligeuza, huchungulia mbao za chini, husukuma kalafati kwa kidole, na humwita fundi anayemwamini yeye, si fundi wa mwenye jahazi. Nahodha anajua kwamba kosa lake atalijua akiwa katikati ya bahari, pamoja na watu wake. Mwalimu anayenunua nyumba naye amebeba watu wake. Basi, kabla hajatia sahihi, amtafute mkaguzi wake mwenyewe, amlipe yeye mwenyewe, na apande naye darini.